Ukitaka Kucheza Naye, Muulize Yeye

Aliye jukwaani huona mikono. Waliokaa mezani hutazama nguo, hutazama nani kaja na nani. Sisi wapigaji tumeinuka futi mbili juu ya sakafu, na tunachokiona ni kiganja cha mwanamme kilichoshika kifundo cha mkono wa mwanamke aliyekaa, kinamvuta. Mwanamke anacheka. Anavutwa tena. Mara hii kicheko kimepungua, anawaangalia wenzake, kisha anainuka kwa sababu kuendelea kukaa kumekuwa kazi ngumu kuliko kucheza. Nimepiga fidla na besi Unguja tangu ujana wangu, kwenye harusi za Ng'ambo, kwenye mahoteli ya Mji Mkongwe na kwenye fukwe za kaskazini, na mkono ule nimeshauona sana. Siwezi tena kuuita utani.

Nina jambo moja la kusema. Mtu unayetaka kucheza naye ndiye wa kuulizwa, jibu lake ndilo jibu, na akisema hapana, habari imekwisha. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya kigeni, yameletwa na watalii na semina za mahotelini. Nakataa. Adabu hiyo ipo hapahapa Unguja, tena imekomaa, ila imekaa upande wa wanawake, na sisi wanaume hatujakwenda kuichukua.

Chukua kidumbak. Hakitaki ukumbi wala umeme. Kinataka fidla, vidumbak viwili, cherewa, mkwasa, na sanduku la chai lililogeuzwa, kamba moja imefungwa kwenye fimbo, hiyo ndiyo besi yetu. Wapigaji aghalabu ni wanaume na wachezaji ni wanawake, na mwanamme anaruhusiwa kukaa katikati ya wanawake wa watu kwa sharti kwamba anajua kilichomleta. Lakini huwezi kupiga kidumbak bila kumtazama anayecheza; kiuno chake ndicho kinachokwambia lini uongeze mwendo na lini uutulize. Kwa hiyo nimekaa miaka mingi mahali ambapo wanaume wengine hawakai.

Kwenye harusi moja ya Jang'ombe, uani, chini ya turubai, mwanamke wa makamo aliingia duarani kajifunga kibwebwe kwa kanga nyekundu. Alicheza peke yake kwa muda, kisha akamwendea mwenzake aliyekaa mkekani, akasimama hatua moja mbele yake, akamnyooshea ncha ya kanga. Hakuinama kumshika. Alisubiri, kiuno kinakwenda taratibu, uso unacheka. Yule wa mkekani akaweka kiganja kifuani, akasema, "Leo sina mgongo, shoga, cheza tu." Basi. Mchezaji akageuka na kanga yake kwa mwingine, akapokewa, wakaingia wawili. Hakuna aliyegeuza shingo kumtazama aliyekataa. Hakuna aliyemwita mwenye maringo. Nyimbo mbili baadaye aliinuka mwenyewe bila kuitwa na mtu, akacheza mpaka jasho likamlowa mgongoni.

Na asije mtu akadhani wanawake hao wanacheza mbalimbali, mmoja huku na mwingine kule. Wanachezea karibu kuliko rumba yoyote niliyowahi kuipiga. Wanagusana, mmoja nyuma ya mwenzake, kiuno kwa kiuno. Ukaribu si tatizo. Ukaribu ule umeombwa na umekubaliwa, na anayetaka kutoka anatoka katikati ya wimbo bila kumuaga mtu. Tena angalieni nani anaongoza. Sasa hivi ni huyu wa mbele, punde ni yule wa nyuma, mara anaingia bibi wa miaka sabini na wote wawili wanamfuata. Ikiwa wanawake wanaweza kupokezana uongozi kwa namna hiyo usiku mzima bila kukanyagana, sioni kwa nini tuambiwe kuwa kuongoza dansi ni maumbile ya mwanamme.

Adabu hiyo haikuota yenyewe. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyetutoka Aprili 2013, dunia ilimjua kwa sauti yake ya taarab, lakini hapa kwetu alijulikana vilevile kwa unyago. Unyago hatuingii sisi wanaume na sitaeleza nisichokiona. Ninachokijua, na kila mtu mzima wa pwani anakijua, ni kwamba msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyekabidhiwa kazi ya kumfunza mwili wake na namna ya kuuchunga. Mvulana je? Alitiwa jandoni akafunzwa kuvumilia maumivu. Namna ya kumwendea mwanamke kwenye mchezo, kumuomba, kusikia jibu, kuondoka kwa uzuri, hiyo aliachiwa aiokote mwenyewe. Leo anaiokota kwenye simu, kwenye video za muziki ambazo mwanamke haulizwi kitu. Namuonea uchungu kijana huyo kama ninavyomuonea uchungu msichana anayevutwa. Tumemtupa ukumbini bila somo.

Wazee watanikatiza hapa. Watasema zamani dansi ilikuwa na heshima. Ni kweli, ilikuwa nayo. Baada ya ngoma za beni, zile za Marini na Arinoti zilizogawa miji ya pwani katika kambi mbili zinazoshindana kwa sare na maringo, ikaja dansi ya watu wawili wawili, walsi na foksitroti na baadaye rumba. Mzee mmoja aliyenifunza nyimbo za zamani alikuwa akivuka bahari kwenda kucheza Dar es Salaam katika ukumbi wa Arnautoglu, na alipenda kunieleza walivyojiandaa. Viatu vilipigwa dawa mpaka ving'are. Mwanamme alishika leso safi katika kiganja cha kulia, ili akiweka mkono mgongoni kwa bibi jasho lake lisimchafulie gauni. Wimbo ukisha alimrudisha mpaka kitini, akashukuru, akaondoka. Leso ile naipenda mpaka leo. Ni mtu aliyefikiria ngozi na nguo ya mwenziwe kabla hajaigusa, na natamani kila mwanamme anayekuja kucheza aje na leso yake mfukoni.

Lakini nilimuuliza mzee wangu, ruhusa mkiiombaje? Akanijibu kwa fahari: "Unamwendea bwana wake, unamwamkia, unamwambia, bwana, naomba kucheza na bibi yako. Akikubali, unamchukua." Na bibi mwenyewe? Mzee hakulielewa swali langu. Bibi alikuwa amekaa palepale, kati ya wanaume wawili wanaopeana ruhusa juu yake, na adabu yote ile nzuri ilipita juu ya kichwa chake. Kama hakumpenda mchezaji, kama miguu inamuuma, kama mkono wa yule bwana ulikuwa na tabia anayoijua yeye peke yake, hapakuwa na mahali pa kulisema hilo. Bado naliona jambo hili Unguja. Kijana anamuomba kaka mtu, kaka anaitikia kwa kichwa, na msichana anajikuta katikati ya sakafu. Kumwamkia mume au kaka ni uungwana na usiachwe. Ila si jibu. Jibu liko kwa mwenye miguu.

Na asiyeulizwa ndiye pia anayelaumiwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri za Kiswahili, aliacha wimbo uitwao Kijiti. Unasimulia kisa kilichotokea hapa Unguja. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitoka na wenzake kwenda kustarehe. Mwanamme aitwaye Kijiti akamchukua, akamwingilia kwa nguvu, akamuua, kisha akatoroka. Waliobaki mbele ya hakimu ni wanawake waliofuatana na marehemu, na wao ndio walioadhibiwa. Siti hakuukubali uamuzi ule. Aliuimba mbele ya watu, katika mji uliokuwa chini ya mkoloni, mwanamke wa shamba aliyekuja mjini kuuza vyungu, akasema wazi nani amekosa na nani amebebeshwa.

Kisa hicho kina karibu miaka mia sasa, na kila ninapoupiga wimbo ule nashangaa jinsi swali la hakimu lilivyodumu. Alifuata nini kule? Nani alimtoa nyumbani? Kwenye ukumbi mmoja nisioutaja, msichana alikataa kucheza na mwanamme aliyekuwa ameshamuomba na kukataliwa. Mwanamme akammwagia soda kifuani. Mlinzi alikuja upesi, nampa haki yake. Akamshika msichana begani akamtoa nje, "ili mambo yatulie." Mwanamme alibaki, akaletewa soda nyingine. Sisi tuliendelea kupiga kwa sababu mwenye ukumbi alituashiria tuendelee. Zanzibar imeanzisha mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji, tangu mwaka 2021, na ni hatua ambayo wanawake wa visiwa hivi waliililia kwa muda mrefu. Ila mwanamme anayekuja kumdhuru mtu hakuanza siku ile. Alianza siku aliyovuta mkono wa mtu hadharani, sakafu nzima ikatazama, na aliyetolewa nje akawa mwingine.

Kuna msomaji aliyeshaudhika kufikia hapa, na namheshimu. Yeye atasema dawa ni moja, wanawake na wanaume wasicheze pamoja kabisa. Nimelelewa madrasa, na Ramadhani ikiingia chombo changu hukaa kwenye ala yake mpaka mwezi uandame. Sitabishana naye juu ya dini yake na yangu. Namuomba atazame mji ulivyo. Tamasha la Sauti za Busara limekuwa likijaza Ngome Kongwe tangu 2004, bendi zinapiga mahotelini, harusi za mchanganyiko zinafanyika kila wiki, na vijana wake wamo, awe amewaruhusu au hakuwaruhusu. Kunyamaza kwetu hakuwarudishi nyumbani, kunawaacha tu bila mwongozo. Na mtu anayeamini kuwa mwili wa mwanamke una stara yake, huyo ndiye ningemtaraji awe wa mwanzo kupiga kelele unapovutwa. Wanaume wa Unguja kuuchunga mwili wa mwenzao wanakujua vizuri. Waliohudhuria maulidi ya homu wamewaona, safu ya wanaume waliopiga magoti, bega kwa bega, wanainama na kuinuka kwa pamoja, na kila mmoja anajua mwenzake wa kulia anaishia wapi. Ile ni ibada na siichanganyi na dansi. Nasema tu kwamba utulivu ule tunao.

Sasa niseme tunachokifanya sisi wa bendi, maana wengi hawakijui. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, ina sehemu mbili kubwa. Mwanzo ni taratibu, mwimbaji anaimba beti zake, na watu wanacheza wawili wawili wameshikana. Kisha magitaa yanafunguka, mwendo unakaza, ndiyo sebene, na hapo watu huachana, kila mmoja anacheza mbele ya mwenzake au peke yake. Wenye kuupenda muziki huu hudhani sebene ni ya kuchangamsha tu. Kwetu sisi ni mlango. Mwanamke akiwa ameshikwa asivyopenda, tunamuona kwa bega: linapanda kuelekea sikio, na mkono wake wa kushoto hauko tena juu ya bega la mwanamme, umeteremka kifuani kwake, umekuwa kama kizuizi. Namtazama mpiga gitaa la mbele, namnyanyulia kidevu, na ubeti wa pili hauimbwi. Tunaingia sebene. Mwanamke anapata nafasi ya kurudi nyuma hatua mbili bila kumfedhehesha mtu, na mara nyingi anatutupia jicho.

Nafurahi kwamba tunaweza kufanya hivyo. Lakini haifai usalama wa mtu utegemee mpiga besi anaangalia upande gani. Siku nyingine namtazama mpiga ngoma.

Huko Buenos Aires, wachezaji wa tango wana desturi ya kuombana kwa macho na kichwa, wenyewe huiita cabeceo. Mwanamme anatafuta jicho la mwanamke kutoka ng'ambo ya ukumbi, anaashiria kidogo. Mwanamke akitaka, anaitikia kwa kichwa. Asipotaka, anaangalia pengine, na hakuna aliyejua kuwa mtu ameomba wala amekataliwa. Desturi hii ingetufaa sana sisi watu wa haya. Hatuhitaji kufunzwa lugha ya macho na mtu yeyote. Mji huu una wanawake wanaoweza kukwambia mambo matatu kwa namna wanavyoshusha ukaya.

Kuna na suala la tuzo. Kutunza ni kitu kizuri, na taarab bila watu kuinuka na noti mkononi ingekuwa darasa. Angalia wanawake wanavyotunza: anakuja anacheza toka kiti chake mpaka jukwaani, noti ameinyanyua juu watu waione, anaiweka kwenye kiganja cha mwimbaji, anarudi anacheza. Wanaume wengine hutoa noti kisha wanataka na shingo ya mwimbaji, na kiuno, na picha ya kukumbatiana. Noti ile imelipia wimbo. Haijalipia kitu kingine chochote, hata ikiwa ya elfu kumi, hata zikiwa dola.

Na nikitaja dola, nisiwasahau vijana wa Kendwa, Nungwi na Paje. Mgeni mwanamke hushikwashikwa na mapapasi usiku wa mwezi mpevu mpaka anaogopa kuingia mchangani kucheza, hilo linajulikana na linatutia aibu. Lisilosemwa ni la upande wa pili. Nimeona mvulana wa miaka ishirini, mhudumu wa baa, akivutwa na mgeni aliyemzidi umri mara mbili aje acheze, amekataa kwa adabu, na meneja wake akamkonyeza akubali kwa sababu mteja ni mteja. Alicheza kama aliyebeba gunia. Yeye naye ana mkono, na mkono wake una haki ileile.

Ndiyo maana sipendi mazungumzo haya yageuke kuwa mafunzo ya namna mwanamme anavyotakiwa kumlinda mwanamke. Nataka mwanamke naye aombe. Kwenye madarasa ya rumba ya jioni ambayo tunapiga, nimewaona wasichana wakijifunza nafasi ya kuongoza, na wanaongoza vizuri sana, kwa sababu wameshafuata vya kutosha kujua mkono mzito unavyoudhi. Lakini msichana huyohuyo akimwendea kijana akamwambia, "Kaka, tucheze wimbo huu?" kijana anawatazama wenzake kwanza, kama anayeomba kibali cha kuombwa. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwapata wanawake wa Dar es Salaam ilikwenda kwenye vikundi vyao vya ngoma, na aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Wanawake walioongozana wenyewe katika lelemama na ngoma nyinginezo ndio walioongoza wengine katika siasa. Sisi bado tunaona ajabu mmoja wao akituomba rumba.

Vijana huniuliza swali moja, na ni swali la haki: "Mzee, nikikataliwa mbele ya watu wote wale, uso nauweka wapi?" Huwa nawaambia wamtazame yule mama wa Jang'ombe na kanga yake. Alikataliwa mbele ya ua mzima, na kitu alichofanya ni kugeuka kwa mwingine bila kupoteza mapigo. Aibu hutengenezwa na watazamaji, wanaopiga miluzi na kusema "umekatwa!", kwa hiyo wenye kazi kubwa hapa ni marafiki waliobaki mezani. Mpokeeni mwenzenu, mpeni kiti, endeleeni na mazungumzo yenu. Na wewe uliyekataliwa, usiulize kwa nini, wala usirudi baada ya wimbo mmoja ukidhani amebadilika. Akibadilika, anapajua ulipokaa.

Harusi za Mfunguo Mosi zikianza, kumbi zitajaa tena. Nawaomba washereheshaji waseme kabla ya wimbo wa kwanza, kwa sauti ileile wanayotangazia chakula, kwamba hapa watu wanaombwa, hawavutwi. Sentensi hiyo haichukui nusu dakika. Wenye kumbi nawaomba kitu kigumu kidogo: mlinzi afundishwe, kabla hajavaa fulana yake, kuuliza nani amemshika nani, na anayetolewa nje awe aliyevuta, hata kama ndiye aliyelipia meza.